Shingo ya Tela

Dongobesh, 11/8/2025

Kwako mke wangu mdogo Judica,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia ili tusimalize karatasi. Sisi huku wazima. Bibi yako Rogathe goti linamsumbua asubuhi, ikifika mchana analisahau anaanza kunigombeza. Mama yako Kornelia amevuna maharage gunia nne na nusu, mimi mzee nimevuna saba, hiyo jua mwenyewe. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Simu usinipigie, sikio la kulia limekufa na la kushoto linasikia upepo tu, kwa hiyo barua nampa Muksini mwenye duka, yeye anashuka Katesh kufuata bidhaa. Kuandika najua. Nilisoma ngumbaru miaka miwili mpaka mwalimu akaniambia basi inatosha.

Sasa. Lile tela nililomwagiza fundi Kelvin anichomelee limekwisha. Magurudumu mawili, bodi ya mbao, linavutwa na mkonga wangu. Mkonga wangu unaujua, ile pikapu ndiyo inayowatoa wengine kwenye tope. Siku ya kwanza napita nalo watu walitoka madukani kuangalia.

Nina swali. Nauliza tu kwa kutaka kujua, maana wewe unashinda gereji umelala chini ya magari ya watu. Tela likiwa na mzigo, nikienda ishirini, thelathini, linanifuata kwa adabu kama ng'ombe anayetoka kunywa maji. Nikifika hamsini linaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kushoto, kulia. Halafu linazidi mpaka linalitikisa na gari lenyewe. Ukikanyaga breki ndiyo linakasirika kabisa. Kwa nini? Gari ni lile lile, mzigo ni ule ule, barabara haijahama. Nimekaa nalifikiria siku tisa sasa, hata chakula nakula nikiwaza mkia.

Usije ukasema nimepakia vibaya. Nimepakia mkokoteni wa ng'ombe tangu mama yako hajazaliwa. Mzigo mzito naweka nyuma ya ekseli, ili shingo za ng'ombe zipumue. Ng'ombe wangu hajawahi kuwa na kidonda cha nira, muulize mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Mbulu mjini.

Mwambie mdogo wangu Philomena mbao za nyumba yake zipo. Zipo kabisa.

Ni mimi babu yako,
Qamara, dereva

*

Katesh, 19/8/2025

Babu Qamara,

Shikamoo sana, wewe na Bibi Rogathe. Mwambie mama maharage aniwekee debe moja. Mimi ni mzima. Kwa Bwana Tawakali kazi ni nyingi, wiki hii tumeshusha injini mbili, mikono yangu hata sabuni haiisaidii. Upepo wa Katesh unaujua, unakula vumbi bila kutafuna.

Babu, siku tisa kabla ya tarehe kumi na moja ni Jumamosi tarehe mbili. Jumamosi tarehe mbili ndiyo uliyotuambia unaleta mbao. Bibi Philomena aliamka saa kumi alfajiri akapika. Fundi Tadeo alikuja na watu wake wawili, wakakaa juu ya matofali mpaka saa kumi na moja jioni, wakala, wakaondoka. Wewe hukuja na hukutuma neno. Halafu unaniandikia habari za mkia.

Sikugombezi, nitakugombezaje. Lakini unajua hali ilivyo. Tangu tope la mlima lilipochukua nyumba yake ya Jorodom na kumchukua mumewe, Babu Gidabuday, huu ni mwaka wa pili Bibi anakaa chumba cha kupanga pamoja na mimi. Kiwanja kipya kuta zimefika lenta. Bila paa, mvua ya Novemba ikianza, tofali zile za kuchoma kidogo zitarudi kuwa udongo. Mbao zako ndizo zinazongojwa, hakuna nyingine.

Kuhusu swali lako. Nataka kitu kimoja tu. Nenda kwa Muksini, ana ile mizani yake ya chuma ya kununulia mahindi. Pakia tela kama ulivyolipakia. Litoe kwenye gari, ile shingo ya tela, hicho chuma kirefu cha mbele, kiweke juu ya mizani. Niandikie namba. Usinitajie namba uliyoikisia, nataka uliyoisoma.

Mjukuu wako,
Judica

*

Dongobesh, 14/9/2025

Mke wangu mdogo mwenye maneno makali,

Salamu zako zimefika tarehe saba mwezi huu, usifikiri nimezikalia. Muksini aliweka barua kwenye gunia la sukari, gunia likawa la mwisho kufunguliwa. Barua inanata mpaka leo. Hapa wazima. Goti vilevile. Ndama anakula majani.

Nilisema sipimi. Mtu aliyeendesha gari miaka thelathini na nne anapimishwa kama mahindi? Nikakaa siku mbili. Siku ya tatu nikaona, ngoja nikapime ili nikuonyeshe.

Nikapakia vilevile kama siku ile. Mbao mbele kidogo, magunia manne ya mahindi ya kuwalisha mafundi nyuma. Tukafika dukani, watu wakakusanyika, unajua watu wa hapa hawana kazi Jumatano. Nikamwambia Kelvin chomoa pini. Akachomoa. Shingo haikukaa kwenye mizani, Judica. Iliruka juu. Mkia ukapiga chini puu, shingo ikachukua kofia ya Muksini ikaenda nayo hewani. Mke wake Hajira akacheka mpaka akashika mlango. "Babu Qamara! Tela lako linapiga saluti kama polisi!"

Nikamwambia nyamaza, hii ni kazi ya kitaalamu.

Lakini moyoni nilishangaa. Wakati wote kile kidude cha nyuma ya gari kinachoshika tela kilikuwa hakibebi shingo, kilikuwa kinaizuia isipae! Nikataka kujua zaidi. Nikasogeza gunia moja mbele ya ekseli. Shingo ikashuka, mizani ikasoma ishirini na mbili. Gunia la pili, sitini. La tatu, mia na tano. La nne nikaliacha katikati. Kila namba niliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa duka ili isipotee, Hajira naye akapiga kelele, "Babu, ukuta huu nimeupaka rangi ya Idi!" Muksini akamwambia mwache, tangu asubuhi tumeuza soda kreti mbili kwa ajili yake.

Halafu nikaenda nalo ile barabara iliyonyooka ya mnadani. Namba ya saluti, nikifika arobaini na tano tu, mkia. Ishirini na mbili, mkia ukaja hamsini. Sitini, kidogo kidogo. Mia na tano, nimefika hamsini na tano, kimya. Kimya kabisa. Nikarudia mara tatu nisije nikawa nimeota. Muksini alikuwa amekaa pembeni yangu ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anasema, "Mzee inatosha, tumeamini."

Sasa nieleze. Kuona nimeona, lakini sijaelewa. Kwa nini shingo ilemewe ndiyo mkia utulie? Huo ni ukatili. Ng'ombe ukimlemea hivyo anapiga magoti.

Na jingine. Barua yako ina salamu zako tu. Za Philomena sikuziona. Nimeigeuza mara mbili nikafikiri ni ile sukari imezifunika.

Qamara

*

Katesh, 22/9/2025

Babu,

Shikamoo. Muksini safari hii nimemwambia aweke mfukoni. Mimi mzima ila nimeungua kidogo mkono kwa rejeta, usimwambie mama.

Nimemsomea Bwana Tawakali namba zako. Akasema ana mafundi watatu hapa wasioweza kufanya kazi hiyo. Usivimbe kichwa.

Ng'ombe anavuta kwa nyama, Babu. Ukimwekea mzigo shingoni anaumia, kwa hiyo ulifanya vizuri miaka yote. Gari linavuta kwa chuma, na chuma hakipati kidonda. Tena ng'ombe anatembea tu, hakuna anayeenda hamsini. Tela lenye mkia mzito ni kama kumpakia mtu mnene mwisho kabisa wa keria ya baiskeli, halafu aanze kucheka na kujigeuzageuza. Usukani umeshika wewe lakini anayeendesha ni yeye. Ukimsogeza mbele karibu yako, hata acheke vipi mnaenda. Basi shingo ibebe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Ikizidi sana nayo ni vibaya, nyuma ya gari inakaa chini, matairi ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii.

Kuhusu breki. Gari lina breki, tela la Kelvin halina. Ukikanyaga, gari linasimama, tela linakuja. Likiwa limeyumba upande linakusukuma kwa pembeni na linajikunja na wewe. Siku likianza mkia, shika usukani umenyooka, toa mguu kwenye mafuta polepole, usifanye jingine.

Na kwa kuwa halina breki, tela na mzigo wake lisizidi kilo mia saba na hamsini. Wewe ulikuwa umevuta zaidi ya elfu moja. Magunia yatoe, weka kwenye bodi ya mkonga wenyewe, yasogee kwenye kabini. Tela libebe mbao tu. Mabati na yaliyobaki utayafuata safari nyingine. Najua utasema Qamara harudi mara mbili. Rudi mara mbili.

Kelvin akufungie minyororo miwili, ipite chini ya shingo kwa kukatizana, pini ikikatika shingo iangukie minyororo, isichimbe barabara. Dareda, ingia gia ndogo pale juu kabla mteremko haujaanza. Ukishaanza kushuka umechelewa.

Salamu za Bibi Philomena sikuzificha, Babu. Hakunipa. Nilimwambia naandika, akaendelea kuchambua mchele. Jana fundi Tadeo alimwambia kuna mtu anauza mbao Gehandu, amwambie lini aache kungoja. Bibi akamwongezea chai.

Niambie ukweli tarehe mbili uligeukia wapi. Na kama unaweza, niambie na lile ambalo Bibi hajawahi kukuuliza. Desemba ile ya tope, kwa nini hukuja kumzika shemeji yako?

Judica

*

Dongobesh, 5/10/2025

Judica,

Hatujambo. Rogathe anasalimia.

Minyororo imefungwa. Imekatizana kama ulivyosema, nimemwona Kelvin akifunga kwa macho yangu. Magunia manne yatakaa kwenye mkonga. Mizani leo imesoma sitini na nane, tela na mbao zake ni kama mia sita na sitini hivi, Muksini amepiga hesabu kwa simu nami nimepiga kwa kichwa, tumepata sawa.

Tarehe mbili nilifika karibu na Bashanet. Mkia ulikuja nikakanyaga breki. Gari halikuanguka, hilo liandike sawasawa. Tela ndilo lililala. Fremu mbili za madirisha zilivunjika, nimetengeneza nyingine nzuri kuliko zile. Mkono wa kulia ulivimba wiki tatu, ndiyo maana barua ya kwanza niliiandika kwa kushoto, na hukugundua, kwa hiyo mimi na kushoto kwangu ni hodari. Watu wa Bashanet walinisaidia kuliinua. Nilirudi nyumbani kwa sababu sikutaka kufika kwa Philomena na vipande.

Nakuja Jumamosi tarehe kumi na nane. Tadeo asinunue mbao za mtu.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Mwanga ulikuwa mdogo, nitalisoma tena.

Qamara

*

Katesh, 9/10/2025

Babu,

Shikamoo. Pole na mkono. Hukuniambia, na hapo ndipo nilipokasirika, siyo kwenye tela.

Jumamosi hiyo sipo. Bwana Tawakali ananituma Singida kufuata spea, narudi Jumanne. Nimemwambia Bibi siku. Akauliza, "Amesema hivyo au ameandika?" Nikasema ameandika. Akaingia ndani.

Mawingu yameanza kukaa juu ya mlima tangu jana.

Ukisimama Bashanet, shika vitovu vya magurudumu ya tela kwa kiganja. Vikiwa vya moto huwezi kuvumilia, bearingi inakufa, usiendelee. Kaza nati tena, zile mpya hulegea baada ya mwendo. Wanaotaka kupita wapishe.

Lile swali kama hutaki kunijibu mimi, sawa. Lakini mwenye nalo siyo mimi.

Judica

*

Katesh, 20/10/2025

Mke wangu mdogo Judica,

Nakuandikia hapa hapa chumbani kwenu, kwenye meza yako yenye harufu ya grisi. Utaikuta Jumanne. Bibi yako Rogathe mzima, mama yako amekupa debe la maharage, limo chini ya kitanda.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi mimi na Muksini. Hajira alimfungia chapati, na akaniambia mimi, "Babu, mume nakuazima, nirudishie." Bashanet nilishika vitovu, vilikuwa vuguvugu tu kama chai ya mgonjwa. Nati mbili zilikuwa zimelegea. Mbili! Ulijuaje?

Pale juu Dareda kabla ya mteremko nilisimamisha gari. Muksini akasema kuna nini. Nikamwambia naangalia pini. Nikaangalia pini. Nikaangalia minyororo, taa, kamba, matairi. Nikaangalia pini tena. Muksini akasema, "Mzee, pini haijaenda popote." Nikapanda, nikaweka gia ndogo, nikaingia.

Sikugusa breki ila kidogo kidogo kwenye kona. Injini ndiyo ilitushika. Tela lilikuja nyuma yangu kimya, nikiliangalia kwenye kioo, halikutikisa hata kidole. Lori la vitunguu likatupigia honi mpaka tukapata pa kulipisha. Muksini anasema, "Tunaonekana kama msafara wa maiti." Nikamwambia wewe kula chapati. Kushuka kote ilikuwa dakika arobaini na zaidi, halafu lami mpaka Katesh, hatukuzidi sitini.

Philomena alikuwa kiwanjani na Tadeo. Akaniamkia, nikaitikia. Akazunguka tela lote, akapapasa mbao. Muksini na Tadeo wakaenda kutafuta soda, nafikiri walituona tulivyokuwa.

Nikamwambia. Wewe umeniuliza, kwa hiyo jua nilivyosema. Nilimwambia, siku ya kumzika Gidabuday nilituma neno kwamba barabara imekatika. Barabara haikukatika. Mabasi yalikuwa yanapita. Nilifika na mkonga pale juu Dareda, mvua, ukungu, hata mbele ya boneti sioni. Nikasikia miguu haitaki. Mimi Qamara. Nilikaa pale nusu saa, mikono kwenye usukani, halafu nikageuza. Nikaona aibu kusema nimeogopa, nikasema barabara.

Philomena akasema, "Najua."

Nikasema unajuaje.

"Idrisa wa basi dogo alikupita pale. Alipofika akaniambia kaka yako nimemwona juu, amesimama, bila shaka anakuja nyuma. Nikawaambia watu wasubiri kidogo kufukia. Wakasubiri, kaka. Walisimama na majembe mpaka mvua ikatufikia."

Nikainama kuangalia pini ya tela.

Yeye akapanda kwenye tela, na umri ule, akaanza kufungua kamba. Akaniambia, "Shika upande ule." Tukashusha mbao wawili, moja moja, mpaka wale waliporudi na soda zao. Jana baada ya ibada alinipeleka kaburini. Niliyomwambia Gidabuday ni yangu na yeye.

Leo Tadeo amesimamisha kenchi mbili za paa. Mbao zimetosha, zimebaki na za jiko. Mvua bado.

Kesho alfajiri tunapanda Dongobesh kufuata mabati, ndiyo maana hutanikuta. Muksini atakaa nyuma kwenye bodi, kiti chake kimechukuliwa. Philomena amesema anakwenda na mimi, kwenda na kurudi. Nilimwambia kushuka Dareda nashuka polepole sana, atachoka. Akasema muda anao.

Ni mimi babu yako,
Qamara

Juu ya meza nimekuachia kipande cha mkaa, maana ukuta wako nimeuandikia uzito wa mabati. Ukikuta nimekosea hesabu, tengeneza.